Gari la spoti kwenye uwanja wa mbio: anza na breki, nguvu za injini zingoje

Maswali ni yale yale kila mara. Nimenunua gari la spoti, nataka kulipeleka uwanjani: niongeze nguvu kwanza? Nifunge ekzosi kubwa? Tairi gani? Mbona breki zilikufa mzunguko wa tano na pedi ni mpya kabisa? Kuyajibu kwa vipande kunachosha, na anayeuliza anaondoka na nusu ya jibu. Hapa nimeyapanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe.

Nazungumza na wewe mwenye gari la kawaida la barabarani, ambalo utaliendesha mpaka uwanjani, uzunguke nalo siku nzima, halafu likurudishe nyumbani. Mazda MX-5, Toyota GT86, BMW M3, Porsche 911, au lolote la ukoo huo. Gari lililokwisha kuvuliwa viti na kufungwa mabomba ya chuma ndani lina mambo yake mengine. Na siku hizi ninazozisema si za mashindano. Hakuna kombe. Unaenda kujifunza gari lako mahali ambapo hakuna bodaboda wala mtembea kwa miguu.

Nadharia ni moja tu, nayo ni fupi. Gari la kilo 1,400 likipunguza mwendo kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, linatupa nishati ya karibu megajuli 1.8, na sehemu kubwa yake inaishia kwenye diski za breki ikiwa joto. Barabarani huenda usifanye hivyo hata mara moja kwa mwaka. Uwanjani unafanya hivyo mara moja au mbili kila mzunguko, dakika 20 mfululizo. Oili, maji ya rejeta, tairi na giaboksi nazo zinachemka kwa namna yake. Ukiona kitu kimeharibika uwanjani, mshuku joto kwanza. Ndiyo maana swali la kuongeza nguvu nimelisukuma mwisho: ukiongeza nguvu unaongeza joto kwenye gari ambalo bado halijaweza kulibeba lile lililopo.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Kitabu cha gari kilichotoka kwa mtengenezaji. Mkazo wa nati, aina ya oili, upepo wa tairi, vyote viko humo. Usiazime namba kwa rafiki mwenye gari linalofanana na lako.
- Jeki imara na stendi zake, angalau mbili. Hakuna kuingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde tano za kuokota soketi.
- Toki renchi. Ile spana ya msalaba inafungua nati vizuri, lakini haikwambii umekaza kiasi gani.
- Geji ya upepo inayoaminika, na pampu ndogo ya kubeba.
- Lita moja ya mafuta ya breki, chupa mpya ambayo haijafunguliwa.
- Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa tupu ya plastiki, spana ya ringi inayoingia kwenye nipeli (skrubu ndogo za kutolea hewa) za kalipa zako, zile kamba za chuma zinazobana pedi kwenye diski, glavu, miwani ya kukinga macho na matambara ya kutosha.
- Oili ya injini na filta, pamoja na lita moja ya ziada ya kubeba siku yenyewe.
- Helmeti. Viwanja vingi vinataka yenye alama ya Snell SA. Ile yenye herufi M ni ya pikipiki, haipiti kipimo cha moto ambacho SA inapita. Uliza uwanja wako kabla ya kununua.
- Mtu mmoja mwenye subira wa kukukanyagia breki.

Kisha isome bima yako. Nyingi haziligusi gari likiwa kwenye uwanja wa mbio, na ni heri ulijue hilo ukiwa nyumbani.

HATUA KWA HATUA

1. Likague gari, wiki mbili kabla

Nasema wiki mbili ili ukikuta kitu kimekufa upate muda wa kutafuta spea. Inua gari, liweke kwenye stendi, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, beringi au boljointi imechoka. Shika kushoto na kulia utikise tena. Mchezo wa upande huo mara nyingi ni tairodi. Angalia bushi zilizopasuka, mipira ya ekseli iliyochanika na kumwaga grisi, hosi za breki zenye nyufa, shokapu zinazovuja. Betri nayo ikamate uivute: kama inasogea, ifunge.

Uvujaji wa oili, hata wa tone, utafutie dawa sasa. Tone linaloangukia ekzosi ya moto linawaka, na likiangukia lami linamtelezesha anayekuja nyuma yako.

2. Badilisha mafuta ya breki

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili.

Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa. DOT 4 mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yapo pia ya mbio, ya jamii ya DOT 4, yanayopita nyuzi 300 yakiwa mapya. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedeli inakwenda mpaka sakafuni, gari halina habari. Pedi mpya hazikusaidii kitu hapo.

Kwa mwanzo, DOT 4 nzuri au DOT 5.1 inatosha. Jihadhari na DOT 5 isiyo na nukta moja: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na gari lako karibu hakika halikutengenezwa kwa ajili yake.

Kazi yenyewe inakwenda hivi:

a) Fungua kopo la mafuta ya breki kwenye boneti. Nyonya mafuta machafu kwa bomba la sindano kubwa, jaza mapya hadi alama ya juu. Kuanzia sasa kopo lisikauke hata mara moja.

b) Anza na gurudumu ambalo kitabu kinasema. Kwa magari mengi ni lile lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki, iliyo chini ya kopo), lakini mengine yana utaratibu wake.

c) Safisha nipeli, vua kofia yake ya mpira, tanguliza spana ya ringi, ndipo uchomeke mpira mwembamba. Ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo ya breki, ili hewa isirudi ndani.

d) Mwambie msaidizi akanyage polepole. Fungua nipeli robo mzunguko. Mafuta yatapita kwenye mpira. Funga kabla hajainua mguu, na umwambie kwa sauti: "Shikilia", kisha "Achia". Akiachia mapema, hewa inavutwa ndani na mnaanza upya. Kwenye gari la miaka mingi, weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike sakafuni. Sili za masta silinda zikisukumwa hadi sehemu ambayo hazijawahi kufika, zinakwaruzwa na kutu iliyoko huko.

e) Kodolea macho ule mpira. Mwanzoni yatapita mafuta yenye rangi ya chai ya rangi, pengine na viputo vidogo vinavyofuatana kama shanga. Endelea mpaka yapite masafi na hakuna kiputo. Kiputo kimoja kikionekana baada ya unyamazo mrefu, rudia mara tano zaidi.

f) Kila baada ya mikanyago mitano au sita, chungulia kopo na uongeze.

g) Kaza nipeli kwa mkono mwepesi. Ni kitu kidogo chenye tundu katikati, kinakatika kirahisi, na kikikatika kazi imehamia kwa fundi. Rudisha kofia. Mafuta yaliyomwagika kwenye rangi ya gari yaoshe kwa maji papo hapo, yanakula rangi.

Kalipa zisizosogea, zenye pistoni pande zote mbili, mara nyingi zina nipeli mbili: ya ndani na ya nje. Wengi wanatoa upepo kwenye moja na kuisahau nyingine, halafu wanalalamika pedeli ni laini. Na kama kopo lilikauka hewa ikaingia kwenye pampu ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga), huenda ukahitaji mashine ya kuiamrisha pampu hiyo izunguke. Hapo nenda kwa mwenye mashine, usipoteze chupa ya tatu ya mafuta.

Ukimaliza, kanyaga breki injini ikiwa imezimwa. Pedeli iwe ngumu na isimame juu, isishuke taratibu. Kisha jaribu kwa mwendo wa kutembea kabla hujaingia barabarani.

3. Pedi na diski

Pedi za kuanzia siku ziwe na zaidi ya nusu ya unene. Pedi iliyobaki robo inaweza kumaliza mwezi barabarani, lakini uwanjani inaisha kabla ya chakula cha mchana, na ikiwa nyembamba inapitisha joto haraka kwenda kwenye mafuta ya breki uliyohangaika kuyabadilisha.

Pedi za kawaida zinaanza kupoteza mshiko zikipita nyuzi 350 hadi 400 hivi. Za uwanjani zinavumilia zaidi ya 600, ila asubuhi zikiwa baridi hazikamati, zinapiga kelele kila taa ya barabarani, na vumbi lake linang'ang'ania rimu. Kwa gari la matumizi yote mawili napendelea zile za katikati, zinazouzwa kwa barabara na uwanja. Anayekwambia kuna pedi bora kwa vyote viwili anakuuzia kitu.

Kwenye diski, tafuta maandishi MIN TH yaliyopigwa muhuri pembeni au kwenye kikombe chake. Hiyo ndiyo milimita ya chini inayoruhusiwa. Halafu pitisha ukucha juu ya uso wa diski. Nyufa nyembamba kama nywele ambazo ukucha haukwami ni kawaida kwa diski ya uwanjani. Ukucha ukikwama, au ufa umefika ukingoni, diski hiyo imekwisha. Zenye matundu zinapendeza, lakini nyufa hupenda kuanzia kwenye matundu hayo. Diski bapa, au yenye mifereji, inadumu zaidi.

Pedi mpya lazima zizoeshwe. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Nyingi zinataka kitu cha namna hii: punguza mwendo kwa nguvu kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa saa, mara nane hadi kumi, bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kushikilia pedeli zikiwa za moto, pedi inaacha alama yake kwenye diski na utaisikia usukanini.

4. Oili na maji

Badilisha oili kabla ya siku, na ukitoka ipunguzie muda wa kuibadilisha tena. Tumia daraja la kitabu. Kila mtaa una bingwa wa kushauri oili nzito, lakini BMW M3 ya E46 ilitoka kiwandani na 10W-60 na Toyota GT86 ilitoka na 0W-20, na wote walijua kwa nini. Kiwango kiwe karibu na alama ya juu bila kuipita. Kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu inabaki ikivuta hewa, na beringi za injini zinakaa sekunde mbili bila kilainishi. Sekunde hizo zinatosha.

Gari lenye kipimo cha joto la oili: nyuzi 90 hadi 120 ni sawa. Ikipita 130, punguza mwendo.

Maji ya rejeta: kagua hosi, vibana vyake na mfuniko wa rejeta. Baadhi ya viwanja vinakataa kulanti (maji ya rejeta yenye dawa) yenye glaikoli kwa sababu ikimwagika lami inakuwa sabuni, basi soma masharti. Oili ya giaboksi na ya difu (gia za ekseli) pia ibadilishe kama huna kumbukumbu ilibadilishwa lini. Karibu hakuna anayeikumbuka.

5. Tairi

Anza na umri. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT (huu ni wa tairi, si wa mafuta ya breki). 2321 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi yenye kashata (michoro ya uso wa tairi) nzuri lakini ya miaka mingi imekuwa ngumu, inateleza bila kutoa taarifa. Angalia pia ubavu wa ndani, ule usiouona gari likiwa limesimama. Huko ndiko uzi huanza kutokeza.

Namba ya treadwear ubavuni inakupa fununu ya ugumu wa mpira: ndogo ni laini zaidi. Tairi za 200 zinapendwa sana kwa siku za uwanjani, na ni nzuri. Hata hivyo, kwa mara mbili tatu za kwanza baki na tairi nzuri za barabarani. Zinalia kabla ya kuachia, na kilio hicho ndicho mwalimu wako. Tairi laini sana inakubeba kimya kimya mpaka mwendo ambao kosa lake ni kubwa.

Upepo ndio unaowachanganya watu zaidi. Tairi ikipata moto uwanjani, upepo unapanda, mara nyingi kwa PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 5 hadi 10. Unachokitafuta ni upepo wa moto, wala si wa asubuhi. Fanya hivi: anza na upepo wa kitabu, zunguka, na mara tu ukiingia eneo la maegesho pima zote nne kabla hujavua helmeti. Punguza hadi karibu na PSI 32 hadi 36, ambayo ni sehemu nzuri ya kuanzia kwa magari mengi ya uzito wa kati. Pima kila tairi peke yake. Uwanja wenye kona nyingi za kulia unachosha tairi za kushoto zaidi, na kinyume chake.

Kisha tumia macho. Tairi nyingi zina pembetatu ndogo kwenye bega, mahali kashata inapokutana na ubavu. Paka chaki kuvuka bega hapo. Baada ya mizunguko kadhaa, chaki ikifutika hadi kwenye pembetatu, uko vizuri. Ikifutika hadi chini yake, tairi inalala ubavu: ongeza PSI mbili. Ikibaki juu ya bega haijaguswa, upepo umezidi. Njia hii ni ya zamani na haihitaji betri.

Tahadhari ambayo watu wanaisahau: ulipunguza upepo tairi zikiwa za moto, kwa hiyo jioni zikipoa zitakuwa chini sana. Jaza kabla ya kuondoka kwenda nyumbani.

6. Nati za tairi

Kaza kwa toki renchi, kwa mkazo wa kitabu. Magari mengi yanaangukia kati ya Nm 100 na 160. Kaza kwa nyota, gari likiwa chini. Usipake grisi kwenye nyuzi za boliti kama kitabu hakijasema, maana utakaza kupita kiasi huku renchi ikikudanganya kwamba uko sawa. Rudia kupima baada ya kipindi cha kwanza, magurudumu yakiwa yamepoa, na kila unapopumzika.

7. Safisha ndani

Toa kila kitu kisichofungwa: kapeti za miguuni, chupa za maji, chaja, jeki ya buti, miwani ya jua mlangoni. Chupa moja ikiviringika chini ya pedeli ya breki imemaliza hoja. Weka tanki zaidi ya nusu, kwa sababu petroli nayo inakimbia kwenye kona. Funga ile ndoano ya kuvutia gari, ili ukikwama mchangani watu wasitafute pa kufunga kamba.

8. Siku yenyewe

Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto, breki na tairi na wewe. Jipe dakika 15, toka ukiwa bado una hamu. Mzunguko wa mwisho ni wa kupoza: gia ya juu, breki karibu usiiguse, acha upepo ufanye kazi.

Ukiegesha, USIVUTE HENDIBREKI. Pedi za nyuma za moto zikibana diski mahali pamoja zinaibandika, au zinaiachia kovu. Weka gia, weka vigingi kwenye magurudumu. Gari lenye hendibreki ya umeme huenda likajifunga lenyewe ukizima injini, kwa hiyo tafuta kitabuni namna ya kulizuia. Fungua boneti, pima upepo, chungulia oili, pitisha jicho kwenye pedi, kagua nati. Andika upepo na muda. Mwezi ujao hutakumbuka.

KUBORESHA: KIPI KWANZA

Hela ya kwanza mpe mwalimu wa udereva wa uwanjani. Hakuna kifaa kinachopunguza muda wa mzunguko kama saa mbili ukiwa na mtu anayejua akikaa kiti cha abiria.

Baada ya hapo, pedi na mafuta bora ya breki, kisha njia za kupeleka hewa kwenye diski za mbele. Mabomba ya hewa ni rahisi ukilinganisha na seti ya breki kubwa, na mara nyingi ndiyo dawa yenyewe. Halafu tairi. Halafu alaimenti: magari mengi yanatoka kiwandani na kemba (mwinamo wa tairi kwa juu kuelekea ndani) isiyofika nyuzi −1 mbele, na uwanjani bega la nje linaliwa kwa siku moja. Nyuzi −2 hadi −3 zinaokoa tairi na kuongeza mshiko, ingawa barabarani bega la ndani litaisha mapema kidogo. Rejeta ya oili, na vizuizi ndani ya sampu, ukiona vipimo vinakulazimu.

Shokapu na springi zije baada ya kuwa umelijua gari. Kulishusha sana kunapendeza kwenye picha, lakini springi ikiishiwa safari gari linaruka kwenye kila tuta la lami.

Mkanda wa pointi nne kwenye kiti cha kawaida, bila roli ba (bomba la chuma linalozuia paa lisiporomoke), sikushauri kabisa. Gari likipinduka, mkanda wa kawaida unakuacha uinamie upande. Huo wa pointi nne unakushikilia wima chini ya paa linaloporomoka. Na bila mkanda wa katikati ya miguu, unaweza kuchuruzika chini yake. Vifaa hivyo vinakwenda pamoja au viache vyote.

Kupunguza uzito ni bure na kunasaidia breki, tairi na injini kwa mpigo. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus, alijenga jina lake juu ya wazo hilo. Nguvu za injini ziwe za mwisho, na zikija, anza orodha hii upya kutoka juu.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Pedeli inazama mpaka chini. Mafuta yamechemka, au kuna hewa. Pampu pedeli haraka, shusha gia, toka uwanjani taratibu. Zikipoa pedeli inaweza kurudi, lakini usidanganyike: yale mafuta hayaaminiki tena, yatoe.

Pedeli ni ngumu lakini gari halisimami. Hapa mafuta ni mazima, pedi ndizo zimezidiwa na joto. Poza mizunguko miwili, kanyaga mapema zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Wanaoanza wengi wanagusa breki kwa upole mbali na kona na kuishikilia. Huko ndiko kuipika. Ikijirudia, unahitaji pedi za daraja la juu.

Usukani unatetemeka unapofunga breki. Watu wanasema diski imepinda. Mara nyingi ni mabaki ya pedi yaliyoganda bila usawa juu ya diski. Rudia kuizoesha pedi. Ikishindikana, diski isafishwe au ibadilishwe.

Gari zima linatetemeka ukienda kasi, hata bila breki. Angalia tairi kwanza: zikiwa za moto zinaokota vipande vya mpira vilivyotapakaa pembeni mwa njia. Kisha tafuta risasi ya balansi iliyodondoka. Nati zikague kabla ya yote hayo, ukiwa umesimama.

Taa ya oili inawaka kwenye kona. Ondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta mara moja, toka, pima kiwango cha oili. Kama kiko sawa na bado inawaka, siku yako imekwisha, usijadiliane nayo.

Joto la maji linapanda. Washa hita ya ndani hadi mwisho, feni juu, punguza mwendo. Ni mateso, lakini hita ni rejeta ya pili. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto.

Injini inakwama au kukohoa ukitoka kwenye kona ndefu. Petroli imepungua tankini. Ongeza, jaribu tena kabla hujaanza kufungua chochote.

Pua ya gari haiingii kwenye kona, inasukuma nje. Pima upepo wa mbele, pengine umepanda mno. Usipouona umezidi, tatizo ni mguu wako: umeingia na mwendo mkubwa, ukageuza usukani zaidi ulipoona halikati. Funga breki mapema kidogo, ukiwa umenyooka, na ugeuze mara moja.

Harufu kali ya kuungua baada ya kuegesha. Ikitoka magurudumuni ni pedi, zipe muda zipoe. Ikitoka katikati ya gari, na injini inapandisha mzunguko bila gari kufuata, ni klachi inayoteleza, na kila mzunguko wa uwanja unaoongeza unaongeza bei ya matengenezo.